Siku moja na panya wa kupimiwa chakula

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Bado giza hapa Durham, North Carolina. Chai ya rangi, kipande cha mkate, naondoka. Nyumbani Tanga nikisema kazi yangu ni kulisha panya, watu hucheka: kwetu panya hulishwa sumu.

Saa kumi na mbili. Taa za chumba cha panya, maabara tunakoangalia chakula kinavyoathiri figo zao, zinajiwasha. Panya wao ndio kwanza wanataka kulala, maana usiku kucha walikuwa macho. Navaa koti, glovu na barakoa. Madume wote hawa ni Sprague-Dawley, aina ya panya weupe wa maabara, wa rika moja, wana wiki 80. Wa kushoto wanakula hadi waseme basi, na chombo hakikauki. Wa kulia wanapata robo tatu ya kile wanachokula wenzao, vitamini na madini vikiwa kamili. Wamepunguziwa chakula, hawajadhoofishwa.

Huhitaji kusoma lebo. Ukimbeba wa kushoto mkono unaelemewa. Leo mmoja ana gramu 812. Manyoya yamechakaa, na anakaa pale unapomweka kama mzee kibarazani. Wa kulia anakupanda mpaka begani.

Saa mbili. Mikojo. Jana niliwaweka wachache kwenye vizimba vya sakafu ya waya, mkojo unashukia upande huu na mavi upande ule, saa 24. Nachovya kijiti cha kupimia protini: cha wa kushoto kinageuka kijani kibichi kabisa. Hapa wageni huteleza. Panya dume, hata mzima, hutoa protini kidogo kwenye mkojo, ni maumbile yake. Kijani hafifu hakinishtui. Kinachonishtua ni ule mkojo unaotoa povu ukitikisa chupa: protini imezidi, figo zinavuja.

Ugonjwa wenyewe wa figo hatukuwaambukiza. Panya wa maabara huupata wakizeeka, madume zaidi, na dalili za mwanzo huonekana kwenye hadubini wangali vijana. Tatizo ni kwamba majaribio ya dawa huchukua miaka miwili. Panya akifa kwa figo, utajuaje kama ni dawa au ni shibe? Ndiyo maana mimi huwa nabisha wakiitwa hawa wa kushoto "panya wa kawaida". Mgonjwa atakuwaje kipimo cha uzima?

Saa nne. Mmoja wa kushoto amechoka sana. Daktari wa wanyama amekubali apumzishwe milele, kisha anapasuliwa. Namshikia sahani. Figo limevimba, limepauka, na juu lina chembechembe kama msasa. Wiki iliyopita tulipasua wa kulia, wa rika lilelile: figo jekundu, laini, linateleza kama harage lililolowekwa. Vipande vinaingia kwenye formalini, dawa ya kuvihifadhi visioze.

Saa sita mchana, huko Tanga saa moja usiku. Mama anapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hao panya wako hawajambo?"

Anauliza inakuwaje chakula kiue figo. Namwambia afikirie kifumbu. Ukijaza nazi kupita kiasi kila siku, ukakamua kwa nguvu, ukili unaachia na machicha yanapita kwenye tui. Figo lina vifumbu vidogo maelfu. Panya akila sana vinatanuka, vinachuja kwa shinikizo kubwa, protini inapenya, halafu vinageuka makovu. Vilivyobaki vinabebeshwa mzigo wa vilivyokufa. Daktari wa figo Barry Brenner na wenzake waliieleza hoja hii ya kuchuja kupita kiasi mwaka 1982.

"Basi nyama ndiyo mbaya."

Wengi walidhani hivyo, kwamba kosa ni la protini. Lakini miaka ya 1980 kundi la mtafiti wa uzee Edward Masoro, huko San Antonio, Texas, lilipunguza kalori bila kupunguza protini, na figo za panya bado zikanusurika. Kupunguza protini peke yake kulisaidia, ila si kwa kiwango hicho.

"Kwa hiyo na mimi nipunguze ugali?"

"Mama, wewe si panya." Ugonjwa huu wa panya haufanani sawasawa na wowote wa binadamu, na mgonjwa wa figo akijinyima ovyo hukonda vibaya. Aende kwa daktari wake.

Saa nane hadi tisa, kuosha vizimba na kujaza fomu. Hakuna la kusimulia.

Saa kumi alasiri. Napima vidonge vya chakula kimoja kimoja, kikizidi, nakikata. Mwaka jana nilisahau kuweka alama ya tiki, nikamlisha panya mmoja mara mbili kwa siku tatu, na ripoti niliiandika mwenyewe. Siku hizi natiki, nasogea hatua, narudi kuangalia.

Magurudumu ya toroli yakilia tu, upande wa kulia wote wamesimama kwa miguu miwili, pua kwenye waya. Kushoto hakuna aliyeinua kichwa. Nawaongezea juu ya kile cha jana ambacho hawakukimaliza.