Dozi ilikuwa Muhimbili, nyumbani ni Ujiji

Mi ni mtu wa Ujiji, nimezaliwa pale, ila unga, yaani heroini, nimeujulia Dar. Kwetu kijana akionekana amekonda na macho yamelegea, wazee wanasema mrudisheni nyumbani apumzike, ale ugali na migebuka atapona. Mimi nilirudishwa hivyo mara tatu na mara zote tatu nikarudi kwenye kete, vile vipakiti vya unga.

Ya kwanza ndo siisahau. Mjomba alisafiri kutoka Kigoma akanifuata maskani Kariakoo, tukapanda treni. Nilikuwa nimevuta asubuhi, sasa usiku tunapita Morogoro nishaanza miayo mfululizo, makamasi, machozi yanatoka yenyewe. Kufika Dodoma miguu inauma kwa ndani kwenye mifupa, tumbo limefunguka, na choo cha behewa letu hakina maji. Tabora pale mabehewa yanapokatwa, ya Mwanza huku ya Kigoma huku, treni inasimama sana, mjomba akashuka akanunua asali akaikoroga kwenye maji ya moto, akanishikia kikombe ninywe, nikamtapikia kwenye kanzu. Hakusema kitu. Akaenda bombani akaifua, akaivaa hivyo hivyo mbichi, akarudi akakaa pembeni yangu.

Kigoma nikakaa mwezi na nusu. Arosto ya mwili, yaani yale mateso ya kukosa unga, iliisha kama wiki na kitu hivi, nikanenepa, nikawa naenda Kibirizi kupakua dagaa, kila mtu alhamdulillah. Lakini usingizi hamna na kete inakuita usiku kucha, na hicho hakuna aliyekuwa anakiona. Nikaaga naenda kutafuta kazi Dar. Siku niliyofika nikavuta kiasi kile kile nilichokizoea, nikazima, washikaji wakanitingisha na kunipiga vibao mpaka nikarudi. Rafiki yangu mmoja alitoka jela akafanya vile vile, yeye hakurudi. Kliniki ndo walinieleza baadae kwamba mwili ukikaa wiki kadhaa bila unga unapoteza ule uwezo wa kuuhimili, kwahiyo kete uliyokuwa unaiona ndogo inakuzimia pumzi. Yaani ile safari ya nyumbani, kwa mapenzi yote ya mjomba, iliniacha kwenye hatari kuliko iliponikuta. Nyumbani kwetu walikuwa na kila kitu isipokuwa dawa.

Methadoni, dawa ya kunywa inayokaa badala ya unga na kutuliza arosto, nilianza 2013 pale Muhimbili, kliniki ilikuwa imefunguliwa 2011. Mwelimisha rika alitukuta maskani akatusemesha kama watu, nikamfuata. Hawakupi siku hiyo hiyo, kuna mahojiano, vipimo vya mkojo, HIV, homa ya ini, TB. Dozi inaanza chini inapandishwa taratibu kwasababu methadoni inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, ukiikimbiza inajilimbikiza, na ukichanganya na pombe au valiamu inaweza kukuua kama unga tu. Wiki za mwanzo alfajiri bado arosto ilikuwa inanichungulia, nikavuta mara mbili, nikasema ukweli dirishani na hawakunifukuza. Nilipofika miligramu 90, asubuhi moja nikaamka nasikia njaa. Njaa ya chai na chapati, ya kawaida kabisa. Miaka mingi nilikuwa naamka na arosto tu. Nilikaa kitandani nikalia.

Mwaka uliofuata nikapata TB. Nikaanza vidonge na baada ya kama wiki methadoni ikawa haifiki jioni, jasho, miayo, nikadhani dawa wanaichakachua, nikaanza kutafuta hela ya kete. Bahati nilimwambia daktari kwanza. Kumbe rifampisini, moja ya dawa za TB, inafanya ini lisage methadoni haraka, ndo maana haikai. Wakanipandisha mpaka 130 na nilipomaliza TB miezi sita wakanishusha tena kidogo kidogo. Kama unatumia zote mbili sema mapema, usikae kimya unateseka.

Sasa lililoniuma kuliko yote. Baba alifariki 2015. Kwetu anazikwa kesho yake, kuwahi mazishi nisingewahi, lakini mtoto wa kiume anatakiwa angalau arobaini aonekane. Treni siku mbili kwenda siku mbili kurudi, na dozi wakati ule ulikuwa unainywa dirishani kila siku mbele ya nesi, ulikuwa hupewi ya kubeba. Ukikosa siku kadhaa mfululizo ulikuwa hurudishiwi dozi yako, unaanza upya chini. Nikajijua. Nikajua nikipanda ile treni naitafuta kete njiani. Sikwenda. Shangazi akanipigia simu: "Hata baba yako umemshindwa kwa ajili ya madawa?" Sikuwa na jibu, nikasema nisameheni shangazi, nikakata.

Ujiji nzima ikawa inajua nimebadilisha unga kwa unga mwingine. Mjomba ndo alikuja mwenyewe kuona. Nikampeleka kliniki saa moja asubuhi, akasimama na mimi foleni. Nesi akamimina kwenye kikombe kidogo, nikanywa, nikanywa na maji, halafu kama kawaida akaniambia sema jina lako, manake wanataka wakusikie uongee wajue umemeza. Nikasema langu na la baba. Mjomba akaangalia pembeni. Tukatoka tukaenda kwenye banda la chai, mi nikaenda kazini, jioni akanikuta sijasinzia, sijaiba, sijajikuna. Aliporudi Kigoma akawaambia mwacheni huko huko kwanza.

Kushuka dozi nilianza 2018, mwenyewe niliomba na daktari akakubali. Ilichukua mwaka na nusu, huku chini ndo pagumu, miligramu tano za mwisho zilinisumbua kuliko arobaini za mwanzo. Wenzangu wengine bado wanakunywa mpaka leo, wana familia na kazi, na mimi siwaoni wamechelewa kitu. Nikarudi Ujiji 2020, nikaenda kaburini kwa baba moja kwa moja na begi mgongoni.

Mwaka jana mama mmoja wa Mwanga, hapa hapa Kigoma, akaniletea habari za mwanae, wamemfungia chumbani siku ya nne anapiga kelele. Nikamwambia mama, mlango utaufungua tu siku moja, na akitoka kiasi alichokizoea kitamuua. Tukapiga 119, ile namba ya bure ya mamlaka ya dawa za kulevya, kuulizia, nikampeleka huyo kijana kliniki Mwanza mwenyewe kwa basi, na safari hii nilibeba maji, nguo za kubadilisha na ndoo. Nilikaa naye mpaka akaandikishwa. Siku ya kwanza ya dozi mkono wake ulikuwa unatetemeka nikamshikia kikombe, akameza, nesi akamwambia sema jina lako. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, akalisema.