Biskuti za Jamhuri

Leo nimeshindana na joto la kaskazi jikoni kwangu hapa Kibokoni, na joto ndilo lililoshinda. Watoto wametaka biskuti za rangi za bendera, za kula kesho tarehe 12 Desemba. Asubuhi nikapita Marikiti, nikarudi na iliki na rangi za chakula.

Kosa langu ni siagi. Niliiacha mezani eti ilainike. Kwa joto hili la Mombasa? Kidogo tu imekuwa uji! Donge likanata vidoleni, halishikiki wala halikatiki. Mama mkubwa akachungulia, akacheka, akasema, "Mwanangu, litie frijini nusu saa, nawe ukae unywe maji." Kweli, likatoka gumu, likakatika vizuri.

Nyeusi nimetumia kakao, ingawa tukisema haki ni hudhurungi. Kijani safi kabisa. Nyekundu ndiyo iliyoniaibisha: niliogopa kuzidisha rangi, ikatoka waridi. Kitindamimba wangu kaishika moja, kaigeuzageuza, kisha kauliza, "Mama, hii bendera ya nani?"

Sahani moja imeshaliwa. Ya pili nimeificha juu ya kabati, msiwaambie.