Manjano ni wetu sasa

Mji wa Kale wa Mombasa paka ni wa mtaa. Analala kwenye baraza ya huyu, anazaa chini ya ngazi za yule, na muuza samaki akianza kupaa magamba, yeye yupo miguuni akingoja matumbo. Kila mtu humrushia kitu, na hakuna anayeulizwa kama jana alikula. Nimekulia katika mapenzi hayo na sina baya la kuyasema, kwani ndiyo yaliyowafanya paka wa kwetu wasimkimbie binadamu. Lakini paka wa ndani ni habari nyingine. Ukishamfungia mlango, riziki yake yote iko kwako: maji, chakula, pa kujisaidia, pa kukwaruza, mchezo, hata daktari. Hilo ndilo ninaloliwaza sana tangu Manjano, kitoto cha paka, aingie kwetu.

Mpwa wangu ndiye aliyemsikia akilia chini ya ngazi, masika yamechacha. Tulingoja kwanza. Mama paka hutoka kutafuta chakula akarudi, na kitoto kikiokotwa kwa pupa kimenyang'anywa mama aliye hai. Huyu mama hakurudi, mvua ikazidi, tukampandisha mtoto juu ndani ya kikapu cha ukili. Macho ndiyo kwanza yanaanza kuacha ule ubuluu wa utotoni, vijino vya maziwa vimeshatoka, na daktari wa mifugo akakisia miezi miwili. Ni dume, kama walivyo wengi wa rangi yake. Rangi ya chungwa hubebwa na kromosomu ya X, uzi wa urithi ambao jike anazo mbili na dume anayo moja, kwa hiyo jike hana budi kuirithi kwa baba na kwa mama pia, na dume inamtosha ya mama peke yake.

Alituogopa. Kitoto cha paka humzoea binadamu kwa wepesi kati ya wiki ya pili na ya saba ya umri wake. Baada ya hapo anazoeleka, ila kwa subira. Alijibanza nyuma ya sanduku la nguo, manyoya yamemsimama, akitufokea. Mpwa wangu alitaka amvute. Nikamwambia tukae sakafuni na tusimkodolee, kwa sababu paka akikodolewa macho huona anatishwa. Ukimtazama kidogo, ukafumba macho taratibu na kuyafumbua taratibu, huelewa kwamba huna shari naye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walilipima jambo hili mwaka 2020, wakaona kwamba paka hujibu kwa kufumba vilevile, na humsogelea zaidi mgeni anayewafanyia hivyo. Yule kijana akafumba na kufumbua pale sakafuni kwa utulivu wa mtu aliye kwenye mtihani. Mara akaninong'oneza, "Shangazi, amenijibu!" Na kweli, nilimwona: kope za Manjano zilishuka nusu, zikakaa, zikapanda. Akatoa mguu mmoja wa mbele nje ya kivuli cha sanduku, akaurudisha. Siku hiyo hatukumgusa.

Chakula ndicho kilichotupa mazungumzo marefu na mamangu.

"Mwanangu, mpe maziwa. Mtoto ni maziwa."

"Ya mamake, Mama. Haya ya ng'ombe yatamwendesha."

"Na hawa wa mtaani mbona wanayanywa?"

"Wanayanywa, na wengi wanaharisha. Sisi hatuoni, kwa kuwa hawaharishi mkekani kwetu."

Alicheka, lakini aliyapokea. Kitoto cha paka kadiri kinavyoachishwa ziwa ndivyo tumbo lake linavyopoteza uwezo wa kuvunja sukari ya maziwa. Sukari hiyo ikifika utumboni haijavunjwa huvuta maji na kuchacha, na kiumbe cha uzito wa mfuko mdogo wa sukari hakina maji ya kupoteza. Basi Manjano anakunywa maji matupu. Bakuli tumeliweka mbali na la chakula, na jingine liko ukumbini, maana paka asili yake ni paka mwitu wa nchi kame na hana hima ya kunywa. Kwa joto la huku kwetu lazima umtilie maji kila anapopita.

Jambo ambalo ningependa kila jikoni la Mswahili lilijue ni la kitunguu. Mapishi yetu hayaendi bila kitunguu maji na thomu, na vyote viwili huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi, vimekaangwa au vimo ndani ya mchuzi. Mabaki ya mchuzi wa samaki, ambayo ndiyo sadaka ya kawaida ya paka, ni sumu inayokwenda polepole. Sasa mamangu kabla ya kuunga chungu hutoa kipande cha Manjano pembeni, akakichemsha kwa maji bila chumvi, akakichambua miba kwa vidole vyake mwenyewe. Wala si samaki peke yake. Tunamchanganyia kuku, moyo na maini kidogo, pamoja na chakula kikavu cha dukani cha watoto wa paka, kwani paka hawezi kuishi kwa wali wala kwa ugali. Kuna kirutubisho kiitwacho taurini ambacho hupatikana katika nyama. Akikikosa muda mrefu, macho hufifia na moyo hudhoofika. Samaki mbichi wa kila siku pia simpi, maana samaki wa aina kadhaa wakiwa wabichi wana kimeng'enyo kinachoharibu vitamini B1.

Kujisaidia kulikuwa rahisi kuliko nilivyotazamia. Beseni pana lenye kuta fupi, mchanga wa mwashi uliochekechwa, kona iliyo mbali na chakula. Kila akimaliza kula na kila akiamka, tunambeba hadi pale. Mara ya kwanza alinusa, akachimba kwa mguu wa kulia, akachuchumaa huku anatazama ukuta kwa heshima zote, kisha akafukia, akanusa, akarudi kufukia tena pale alipoona hapajakaa sawa. Hakuna aliyemfundisha. Kazi yetu ni kuzoa kila siku, kwa kuwa beseni likinuka atatafuta kona yake. Akikosea, usimpake pua wala usimpige. Paka haunganishi kofi na mkojo wa nusu saa iliyopita. Analiunganisha na mkono wako, na kesho ataukimbia huo mkono. Majirani wamenishauri nimmwagie maji akikosea. Nakataa. Tunafuta pale mahali, tunapitisha maji yenye siki, basi. Zile dawa za kusafishia ambazo ukizitia kwenye maji yanageuka meupe kama tui tumeziondoa sakafuni kwake, kwa sababu nyingi zina fenoli, na ini la paka halina uwezo mzuri wa kuitoa mwilini. Hali ni hiyohiyo kwa parasetamoli: kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua. Na dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini haimfai hata tone.

Kuuma mikono ndiko kulikotushughulisha. Mpwa wangu alipenda kumchezesha kwa vidole chini ya shuka, na kwa meno yale membamba ilikuwa raha. Ila paka aliyefundishwa utotoni kwamba vidole ni windo ataviwinda akiwa mkubwa, meno yakiwa mengine. Tukamtengenezea ufito wenye kipande cha ukili nchani. Ukimburuzia sakafuni, anajibana chini, makalio yanatikisika, anaruka. Akishika mkono badala ya ukili, mchezo unakoma papo hapo na kila mtu anageuka upande mwingine. Hakuna ukali zaidi ya huo, na anaelewa. Mchezo ukiisha, ufito unapanda juu ya kabati. Uzi au ukili ukimezwa unaweza kuukata utumbo.

Kucha nazo zina haki yake. Anakwaruza ili kuambua tabaka la nje la ukucha, kujinyoosha na kuacha harufu yake, kwa hiyo kumkataza ni kumkataza kuwa paka. Alikuwa ameanza kuula mkeka wa ukumbini, kazi ya mikono ya marehemu nyanya, na hapo moyo uliniuma. Tukapata gogo refu kuliko yeye akijinyoosha, tukalizungushia kamba ya usumba, tukalisimamisha pale pale alipokuwa akikwaruza. Ukimfichia chumba cha nyuma hatalifuata. Mkeka tumeukunja kwa sasa.

Usiku ulitutaabisha mpaka tulipoijua saa yake. Paka huchangamka machweo na mapambazuko. Basi baada ya Magharibi tunamchezesha mpaka achoke, tunampa chakula, naye analala. Anaamka na adhana ya Alfajiri, wakati mamangu naye ameamka, na hapo wawili hao wana mambo yao nisiyoyaingilia. Anakaa ukingoni mwa mswala akimsubiri amalize. Mwanzoni niliogopa mamangu atamfukuza, akanikumbusha hadithi ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo chake cha udhu ili paka anywe, akasema kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni katika wanaowazungukia majumbani mwenu. Kisha akanitajia ile nyingine, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutia. Nimeisikia chuoni tangu utotoni. Sasa naisikia kwa mtu ambaye ufunguo wa mlango uko mfukoni mwake.

Kwa hiyo daktari. Dawa ya minyoo ameanza. Chanjo za vitoto vya paka huanza wiki ya 6 hadi ya 8, zikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikie wiki ya 16 hivi, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mamake inaweza kuizima chanjo ya mapema. Ya kichaa cha mbwa huja kuanzia wiki ya 12, na jina lisikudanganye, paka naye huupata na huambukiza. Kenya imejiwekea lengo la kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030, na hatutafika ikiwa paka wote wa barazani hawajaguswa. Ukiumwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Akifika miezi 5 atahasiwa. Najua wapo wanaoona ni dhuluma, na nawaheshimu. Lakini jike hushika mimba hata akiwa na miezi 4 au 5, hubeba wiki 9 hivi, na mvua zikishika naona chini ya ngazi zetu vitoto vilivyozibwa macho na mafua ya paka. Dume anayezurura ana mkono wake katika hilo. Mimi nimeshaamua, na mamangu ameniunga.

Jana jirani wa chini, bibi ambaye baraza yake haikosi paka, alinisimamisha. "Mjukuu wangu, huyo daktari wenu anachukua na paka asiye na mwenyewe?" Nikamwambia anachukua. Akanyamaza kidogo, akasema yule jike wa madoa basi atamlipia yeye. Tunakwenda nao Jumamosi asubuhi, na mpwa wangu anatafuta kikapu cha pili chenye kifuniko.