Tailizi zangu ziko nyuma ya bati

Mkaguzi wa bima alikaa sebuleni kwangu dakika kumi tu. Akagonga ukuta nyuma ya jiko langu la kuni kwa kalamu, ko ko ko, akavuta futi yake kutoka mgongo wa jiko mpaka ukutani, akaandika. Halafu akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kazi ya tailizi ni nzuri mno, ila jiko lisiwashwe mpaka ukuta urekebishwe. Nikiwasha na nyumba ikaungua, tusijuane.

Jamani, mimi nimepiga tailizi Dar miaka kumi na moja. Mbweni, Goba, Mbezi Beach, kuna mabafu huko ukiingia unanikuta mimi. Kuna bosi mmoja alikuwa anapita na sarafu, anagonga kigae kimoja kimoja asikie kama kuna kinacholia kitupu. Akamaliza vyumba vitatu, akanilipa bila kukata hata mia. Leo hii, Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, kijana ambaye ningeweza kumtuma dukani ananifelisha kwa kalamu.

Nyumba nyingi za huku Maine hupashwa joto kwa mafuta. Kwangu kuna tanki la galoni 275 chini ya sakafu, na lori linakuja na mpira wake mrefu kama lile la kunyonya choo kwetu, ila hili linajaza, na likiondoka linaacha bili. Mwaka 2022 galoni moja ilipita dola 5. Baridi inaingia Oktoba na Aprili bado ipo. Nilijiona mtoto wa Lushoto, baridi naijua. Lushoto gani! Bili ya Januari ilipofika, mama watoto aliiangalia, akaifunika na kitambaa cha meza kama mtu anayefunika maiti.

Ndipo nikanunua jiko la chuma la kuni, la mtumba, dola 300. Na kuni zenyewe msidhani ni za kuokota. Zinauzwa kwa kipimo kinachoitwa "cord", ambacho ukikitamka Kiswahili kinakuwa "kodi", na kwa bei yake wala hawajakosea jina. Ni rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8, na kama kuni ni mbichi umenunua moshi na masizi ya kuziba dohani.

Ukuta wa nyuma nikaupamba mwenyewe. Tailizi za rangi ya udongo, grauti ya kujaza mianya yake nyembamba, pima maji haikuyumba hata punje. Akili yangu ilikuwa hivi: kigae kimeokwa kwenye moto, moto utakifanya nini? Na jikoni kwa mama, mafiga matatu yako shibiri mbili kutoka ukutani tangu sijazaliwa. Ukuta umeota masizi meusi yanang'aa kama lami, na hakuna aliyewahi kusikia umeshika moto.

Lakini ule ni udongo mpaka ndani. Huku, nyuma ya kigae kuna gundi, nyuma ya gundi kuna jipsamu iliyovikwa karatasi, na nyuma ya jipsamu kuna nguzo za mbao. Kigae hakiungui, kweli, ila joto kinalipitisha kama sufuria. Aliyenieleza haya si mkaguzi. Ni mzee jirani, mstaafu wa kiwanda cha karatasi, ambaye kwa miaka miwili tulikuwa tunapungiana mikono tu. Aliona dohani yangu haitoi moshi, akaja kugonga mlango kuuliza kama tuna joto. Watu mnaosema Wazungu hawana ujirani, hapo mnyamaze kidogo.

Akaniambia mbao inayopikwa kila siku, mwaka hadi mwaka, inakauka na kubadilika ndani kwa ndani, na mwisho inashika moto kwa joto ambalo mwanzo lisingeifanya kitu. Ndiyo maana jiko kama langu, la zamani lisilo na kibandiko cha maabara iliyolipima, linatakiwa likae inchi 36 kutoka kwenye chochote kinachoungua. Langu lilikuwa inchi 14. Kulisogeza inchi 36 ni kuliweka katikati ya sebule, tulizunguke kama kaburi la shehe.

Dawa yake sasa. Unaweka bati la geji 24 mbele ya ukuta. Si geji 30 yetu ya kuezekea banda; huku pia namba ikishuka bati linanenepa. Halibandikwi ukutani, linasimama mbali nao inchi 1, na chini na juu unaacha wazi. Joto likipiga bati, hewa ya nyuma yake inapanda na kutokea juu, ya baridi inaingia chini. Kwa hiyo tu, inchi 36 zinashuka kuwa 12. Na vipimo hivyo vinaanzia kwenye jiko kuishia kwenye ukuta unaoungua, si kwenye bati, msije mkajidanganya.

Bati alikuwa nalo bandani, la migongo. Tulikata bomba la chuma vipande vya inchi moja, kila skrubu ikapita ndani ya kipande chake mpaka kwenye nguzo, na hakuna kipande kilichokaa nyuma ya jiko moja kwa moja, maana kingebeba joto kulipeleka kwenye mbao. Tulimaliza saa tisa alasiri. Tukawasha. Baada ya saa mbili bati halishikiki, lakini nikapenyeza vidole nyuma yake, tailizi zangu zina uvuguvugu wa chapati iliyosahaulika mezani. Mama watoto akaleta udi, akaushika karibu na sakafu. Moshi ukavutwa chini ya bati, ukapotea, ukatokea juu karibu na dari. Mzee alicheka kama mtoto, akaomba turudie.

Hela yangu alikataa. Ila bafuni kwake vigae vimeinuka, kanionyesha kwa aibu. Jumamosi ninaanza, na bomba la grauti nimeshanunua.

Mnaotuma meseji kuuliza kodi ya nyumba huku shilingi ngapi, ulizeni kwanza joto linalipwa na nani. Ukipanga, jiko la kuni usiliguse. Ukinunua nyumba, piga simu bima na uombe kibali kabla hujanunua hata njiti ya kiberiti. Mimi nilianza na jiko, nikamalizia na bima, nimelipa ukaguzi mara mbili.

Mkaguzi alirudi, akapima, akasaini. Hakusema neno kuhusu tailizi, na asingeweza: hazionekani tena. Kazi yangu safi kuliko zote nilizofanya Marekani iko nyuma ya bati.

Jana nilimpigia mama video, nikamzungushia simu sebule nzima aone tulivyo na joto. Akanyamaza, akaisogeza simu karibu na jicho.

"Baba, huko paa mmeezeka ukutani?"