Gunia tatu za mzee wa Nanyamba

Msimu wa korosho wa 2019 nlikua nakaa Shangani, Mtwara mjini, nimetengeneza kaprogramu ka simu kwa ajili ya makarani wa mzani, kwa lugha ya Java ya Android, karani anaingiza kilo za mkulima inatoka risiti, mnada ukipita inapiga hesabu ya malipo. Chama cha ushirika cha kwanza kilikua Tandahimba. Wakaipenda, chama cha pili kikaniita, mi nikakopi folda nzima nikabadili jina na nembo, basi. Cha tatu hivohivo. Kufika Disemba nna folda tano kwenye laptop, moja inaitwa mpya, nyingine mpya2, nyingine mpya_ya_kweli, usicheke.

Karani wa Tandahimba akanipigia, mkulima akileta mzigo mara mbili siku moja ule wa pili unafuta wa kwanza. Kosa langu, rekodi nilikua naitambua kwa namba ya mkulima na tarehe tu. Nikarekebisha usiku uleule, mistari minne, nikalala usingizi mnono. Zile folda nyingine nne hata hazikunijia kichwani.

Sasa huku tangu 2007 korosho zinaenda kwa stakabadhi ghalani, unapima leo hela inakuja mnada ukishapita, kwa hiyo kosa la mzani linakaa kimya wiki kadhaa. Liliibukia Nanyamba. Mzee mmoja kaja na risiti mbili kwenye rambo (rambo zilishapigwa marufuku Juni mwaka huohuo, yeye hana habari), hela imeingia ya risiti moja. Nikampa shikamoo, marahaba yake ikatokea puani.

"Mwanangu, asubuhi nimeleta gunia tatu, jioni mbili. Simu yako imeona za jioni tu. Za asubuhi mmezifanyia kangomba?"

Kuambiwa kangomba, yaani ule ununuzi wa magendo wa kumpunja mkulima, huku ni tusi jamani.

Nikarudi nikatafuta kile kipande cha programu kinachohifadhi mzigo kwa grep, amri ya kutafuta neno ndani ya mafaili, kwenye zile nne folda tatu zikajitokeza, ya nne wapi, kumbe kule nilishabadili majina yote siku nilipojisikia msafi. Ndo nikawasha CPD ya PMD, zana ya kusaka vipande vya programu vilivyokopiwa, yenyewe inakatakata msimbo kuwa tokeni, yaani neno mojamoja na alama mojamoja, na kwa Java unaiambia idharau majina. Nikaweka kipande kianzie tokeni 50, ikamwaga vipande vinavyofanana mpaka nikaona aibu.

Sehemu ya kuhifadhi mzigo nikaitoa ikawa maktaba moja ya msimbo yenye namba ya toleo, miradi yote inavuta hapo. Hesabu ya makato ya mkulima nikaiacha kila chama na yake, maana leo yanafanana ila mkutano mkuu ukikaa wakaongeza shilingi kumi ya ofisi ndo basi tena, ukiyaunganisha unaishia kuweka if, yaani sharti, ya kila chama, uchafu kuliko kopi zenyewe.

Waliopunjwa wengine tuliwapata kwa daftari la mlinzi wa ghala, la peni, alikua anaandika kila gunia linaloingia. Mzee akalipwa tatu zake. Nikamwomba zile risiti nikatunze, akanitazama, akazirudisha kwenye rambo.