Nyumba ya Kimara Iliyorudi Sokoni

Nyumba ilikuwa Kimara, Dar es Salaam, upande wa ndani kutoka Barabara ya Morogoro: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, na banda la uani lenye vyumba viwili vya kupangisha. Ilikuwa sokoni tangu 2018. Mzee mwenye nyumba aliponiita mimi dalali mwaka uliofuata, alikuwa yuko tayari kushusha milioni 15 kwa mkupuo. Nilimwomba asiguse bei kwanza. Nyumba ambayo mtaa mzima unajua imekosa mteja ikishuka bei ghafla, watu hawasemi imekuwa nafuu. Wanasema ina mgogoro.

Na hilo walishaanza kulisema. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha hifadhi ya barabara, mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Tangu hapo mnunuzi akisikia Kimara anatafuta X nyekundu, alama ya kubomolewa, ukutani kabla hajauliza vyumba vingapi. Ya mzee ilikuwa mbali na mpaka huo, lakini maneno ya dalali hayamtoshi mtu aliyeshuhudia tingatinga likifanya kazi. Tulimwita mpima ardhi aliyesajiliwa, akakagua mawe ya mipaka, akatuandikia umbali na kuchora kiwanja kilipo. Karatasi moja tu, na ndiyo niliyokuwa naitoa kabla ya kumwingiza mtu sebuleni.

Bei nayo ilikuwa na ndimi nyingi. Mzee alitaka milioni 95, na alimkubalia kila dalali aliyebisha hodi. Kila mmoja akaweka cha juu chake: huyu 98, yule 110, kijiweni ikafika 120. Mnunuzi akipiga simu tatu anapata bei tatu za nyumba ileile, kisha anaanzia maongezi chini ya ile ndogo. Wengine walitoza hela ya usumbufu kwa kila anayepelekwa kuona, kwa hiyo walileta hata wasio na nia. Dalali anayekula kwa kuzungusha watu hana haraka ya kuuza.

Tukaitoa sokoni kabisa. Matangazo yalibanduliwa kwenye nguzo, ukutani tukaandika kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Wengi huandika hivyo kuzuia matapeli. Sisi tulitaka kijiwe kisahau bei za zamani. Mke wa mzee alisimama getini akasoma, akaniuliza, “Sasa mwanangu, tunauza au hatuuzi?”

“Tunauza, mama. Tunanyamaza kwanza.”

Kwenye ukimya huo ndipo upekuzi kwa Msajili wa Hati ulipotupa jibu. Mzee aliwahi kukopa benki kwa dhamana ya nyumba, akamaliza deni, akarudishiwa hati yake. Lakini rehani ilikuwa haijaondolewa kwenye daftari. Mnunuzi mmoja aliyekuwa na pesa taslimu alikuwa ametoweka bila maelezo. Bila shaka wakili wake aliiona. Hati kuwa kabatini kwako haimaanishi daftari limesafishwa: benki lazima isaini fomu ya kuondoa rehani, isajiliwe, ndipo uombe upekuzi mpya wenye tarehe ya karibuni. Sambamba na hilo tulilipa pango la ardhi na kodi ya majengo, na mama akasaini ridhaa ya mwenza mapema. Ridhaa inayosubiri siku ya mkataba ndiyo huvunja mikataba.

Ukuta wa nyuma ulikuwa unapukutika kwa chumvi. Fundi aliyetangulia aliupaka rangi ya mafuta. Unyevu ukakosa pa kutokea, rangi ikatoka malengelenge. Tulibandua plasta hadi mita moja kutoka sakafuni, tukauacha ukauke, tukapiga plasta mpya ya saruji moja kwa mchanga nne iliyochanganywa dawa ya kuzuia maji. Kabla ya hayo tulijenga mfereji nje, maana maji ya bati yalikuwa yanatua palepale kwenye msingi, na bila mfereji unyevu ungerudi msimu wa masika. Rangi ya maji ilipakwa baada ya plasta kukomaa. Madoa ya dari yalitokana na misumari ya bati iliyopoteza mipira yake. Ilibadilishwa misumari, kisha ndiyo jipsamu.

Mthamini aliyesajiliwa aliandika thamani ya soko milioni 82, na kwenye ukurasa wa pili thamani ya kuuza kwa haraka, iliyo chini zaidi. Ukurasa huo wa pili sikumwonyesha mnunuzi yeyote, kwani anayeuona hujadili kuanzia pale. Tulitangaza 85, maongezi yapo, namba moja ya simu. Madalali hatukuwafukuza: asilimia 5 yangu ingegawanywa nusu kwa nusu na yeyote atakayeleta mteja, mradi asiweke cha juu. Wenye busara walikubali.

Aliyenunua aliletwa na mmoja wao, kwa milioni 78. Mkataba ulisainiwa kwa wakili, pesa zikapita benki. Kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji ilikuwa asilimia 10 ya faida, kwa hiyo risiti za mzee za saruji na bati, nyingine zimefifia, zilikuwa na thamani kuliko rangi yote tuliyopaka. Alizozitunza zilikubaliwa kama gharama. Za nondo hazikuonekana, na kiasi hicho kikahesabiwa faida.

Milioni 2 zilibaki kwa wakili mpaka wapangaji wa uani watoke. Mmoja alikuwa amelipa miezi sita mbele. Mzee akamrudishia iliyobaki pamoja na hela ya kuhamia, na wiki hiyohiyo mita ya maji ikahamishiwa jina la mwenye nyumba mpya.