Krismasi yetu ni tarehe 28

Leo tarehe 28 na ndo tumemaliza Krismasi. Sio kwamba tumechelewa, hapana, hii ndo tarehe yetu. Watu wengine washakunja mapambo na wameanza habari za mwaka mpya, sisi ndo kwanza nyumba imejaa vipande vya karatasi, selotepu imeganda kwenye zulia, na kitindamimba wangu kalala sakafuni na kiatu kimoja mguuni. Nimeshindwa kumpeleka kitandani sababu kila nikimgusa anasema "sijalala".

Nimeulizwa sana hii habari, na kila nikiieleza kwa mdomo naona watu wananiangalia kwa huruma, kwa hiyo wacha niiandike mara moja niwe nawatumia.

Mi nafanya kazi ya shifti, mahali ambapo hapafungwi hata siku moja kwa mwaka. Miaka mitano iliyopita rosta ya Desemba ilitoka nikakuta nimepangwa usiku wa tarehe 24, wa 25 na wa 26, mfululizo, na hakuna aliyekubali kubadilishana na mimi, na sikuwalaumu, nani anataka. (Sawa, niliwalaumu kidogo.) Nikarudi nyumbani nimenuna, nikakaa kitandani na ile karatasi mkononi. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka 7 kipindi kile, akaichukua akawa anaisoma kwa kufuata mistari na kidole, alipofika tarehe 28 akakuta pako wazi, akasema, "Mama, hapa huna kazi. Si tuiweke hapa?" Yaani kama mtu anayepanga siku ya kwenda kunyoa. Baba yao akacheka, akasema Krismasi haisogezwi. Binti akamuuliza, nani kasema? Baba mtu kimya. Na mimi kimya. Basi ikasogezwa.

Nikajua ni ya mwaka ule tu. Mwaka uliofuata nikapangwa tena, safari hii mchana wa 25, tukasogeza tena, na ule wa tatu hakuna hata aliyeuliza, watoto walikuwa washaizungushia duara tarehe 28 kwenye kalenda ya ukutani tangu Januari.

Sasa huyu binti ana miaka 12 na amefika ule umri wa kutaka ushahidi wa kila kitu, nadhani alichoka kuchekwa na wenzake, maana siku moja nimekuta kabandika karatasi kwenye mlango wa friji, kichwa cha habari kakipigia mistari miwili: KWANINI TUKO SAHIHI. Mi nilidhani ni utani ila mtoto alikuwa amechimba. Kwamba Injili hazitaji tarehe yoyote ya kuzaliwa Yesu, si Mathayo si Luka. Kwamba ushahidi wa zamani kabisa wa watu kuiweka 25 Desemba unatoka Roma, kwenye orodha inayoonyesha mwaka 336, yaani zaidi ya miaka mia tatu baadaye. Kwamba Waethiopia, Wakopti wa Misri na Warusi wanasherehekea 7 Januari, sababu makanisa yao bado yanahesabu kwa mtindo wa kalenda ya kale ambayo iko nyuma siku 13. Na hapo alikuwa kaongeza kwa kalamu nyekundu kwamba mwaka 2100 hizo siku 13 zitakuwa 14, kwa hiyo Krismasi yao itaanza kuangukia 8 Januari, "na hakuna atakayewacheka". Alafu ya mwisho, ambayo hata baba yake ilibidi akae chini: mwaka 2023 Ukraine waliihamisha sikukuu ya kitaifa kutoka 7 Januari kwenda 25 Desemba, nchi nzima, kwa sheria. Chini yake kaandika, "Baba alisema haisogezwi."

Ile karatasi bado iko kwenye friji. Pembeni imepata doa la mafuta.

Watu hudhani tarehe 25 kwetu ni siku ya msiba, sivyo. Wanaenda kanisani na baba yao, wanakwenda kula kwa shangazi yao, wanacheza na binamu zao mpaka jioni. Hiyo wanaiita Krismasi ya watu. Kazi iko kwenye zile siku mbili za katikati, maana zawadi zinakuwa zishafungwa, zimekaa pale kwenye kona, na watoto wa majirani washaanza kuendesha baiskeli zao mpya kupita dirishani kwetu wakipiga kengele. Hapo ndo utajua uvumilivu wa mtu. Mwaka juzi yule wa kati alitoboa karatasi ya zawadi yake kwa ncha ya penseli, tundu dogo kama punje ya harage, akachungulia na tochi, alafu akaliziba kwa selotepu na kuigeuza ile boksi iangalie ukutani. Asingegundulika kabisa. Tatizo lake ni kwamba tangu siku ile alianza kutembea ndani ya nyumba na furaha isiyo na sababu, na mtu mwenye furaha isiyo na sababu tarehe 26 kwetu anakaguliwa.

Zawadi zenyewe sio nyingi, moja moja kila mtoto, na wanajua zinatoka kwetu. Hili najua tunatofautiana na wengi. Mtakatifu Nikolasi mi sina shida naye hata kidogo, askofu wa Myra kule ambako leo ni Uturuki, karne ya 4, anakumbukwa kwa kutoa misaada kwa siri, huyo nawasimulia kila tarehe 6 Desemba ambayo ndo sikukuu yake. Nisichokipenda ni ule mtindo wa kumgeuza mzee wa watu awe polisi, "ukigoma kula Baba Krismasi anakuona". Mtoto anakula huku anaangalia dari. Mi nimeshindwa.

Ninachokipenda kupita vyote ni pango, lile la kuzaliwa Yesu. Letu ni boksi la viatu, lilelile, limepigwa gundi mpaka limekuwa gumu kama ubao. Tulinunua sanamu ndogo za udongo tulipooana, na mwaka tuliohama nyumba Yosefu akapotea. Tumetafuta mpaka ndani ya masufuria. Jioni ile watoto walikuwa wanasubiri, baba yao akatoa betri iliyokufa kwenye tochi, ile nene, akaisimamisha pembeni ya Mariamu, akasema huyu hapa, fupi, mnyamavu, na amefanya kazi mpaka ameisha. Tulicheka sana. Kesho yake nikasema nitanunua Yosefu mwingine, na kweli nikanunua, mzuri, ana ndevu na fimbo, watoto wakamkataa. Wakamfanya mchungaji. Yosefu wetu mpaka leo ni betri, na sio hata ile ya kwanza, ya kwanza ilivuja ikatoa ule unga mweupe ikala nyasi zote za pango, ya pili ikavimba, huyu wa sasa ni Yosefu wa tatu na tumemvika nailoni ili akivuja asimharibu mtoto.

Kuna mgeni alituambia kwa upole kwamba hivi si vitu vya kuchezea. Sikumjibu, ila huwa nakumbuka kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa lile pango lake pale Greccio, Italia, mwaka 1223, hakuweka sanamu za dhahabu, aliagiza hori lenye nyasi, ng'ombe na punda, wazima kabisa wanaopumua, na watu wa kijijini wakaja usiku na mienge kuangalia. Punda mzima akiwa kwenye ibada lazima kuna kitu kitaharibika. Na bado tunamkumbuka Fransisko miaka mia nane baadaye, yule punda tumemsamehe.

Mamajusi, wale waliotoka mashariki kumletea mtoto Yesu zawadi, ndo kazi ya kitindamimba. Kwetu hawaruhusiwi kuwepo pangoni mapema, wanaanzia mbali, juu ya kabati la chumbani, na kila siku wanasogezwa kidogo mpaka wafike tarehe 6 Januari, siku ya Epifania. Biblia haisemi walikuwa wangapi, inataja zawadi tatu tu, na hilo lilizua kesi mwaka mmoja sababu wa kati alitaka kuongeza askari wake wa plastiki kumi na wawili kama msafara. Tukakubaliana wawe walinzi na walale nje. Kitindamimba ana miaka 6 na anawasogeza kwa haki kabisa, anapima kwa vidole vyake vinne, hawezi kuwarusha hata ukimbembeleza. Wamepita juu ya redio, wakakaa siku mbili nyuma ya birika, juzi niliwakuta bafuni wamejipanga ukingo wa sinki wanaangalia ukutani.

Na tarehe 28 yenyewe? Watoto ndo wanatawala. Hii nayo imetokana na utafiti wa kwenye friji, kwamba kanisani hii ni siku ya Watoto Mashahidi, wale aliowaua Herode, na kwamba zamani Uingereza walikuwa wanachagua mtoto siku ya Mtakatifu Nikolasi anakuwa askofu mpaka tarehe 28 Desemba, anavaa mavazi ya kiaskofu na watu wazima wanamtii, mpaka mfalme Henry VIII akaipiga marufuku mwaka 1541. Wa kati aliposikia tu hapo akasema kwa hiyo mama hatuoshi vyombo. Hatukuwa na la kujibu. Mkubwa naye akaleta lingine, kwamba kwenye Kwanzaa, ile sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, kila siku kuanzia 26 Desemba mpaka 1 Januari ina neno lake na yote ni ya Kiswahili, umoja, kujichagulia, na tarehe 28 ni UJIMA. Kufanya kazi pamoja. Nikasema haya, si mnaona, vyombo vinaoshwa na wote. Mjadala ukaahirishwa, vyombo nimeviosha mimi.

Wacha niseme sasa kilichonifanya nikae niandike saa hizi badala ya kulala.

Mwaka huu rosta ilivyotoka, tarehe 25 nilikuwa sina kazi. Mara ya kwanza kwa miaka mitano. Mi niliruka, nikampigia simu baba yao nikiwa bado kazini, nikapanga kila kitu kichwani, nikafika nyumbani nikawatangazia kwamba safari hii tunasherehekea siku moja na dunia nzima. Nilitegemea kelele. Wakaangaliana. Mkubwa akasema, kwa sauti ya mtu mzima anayekupa habari mbaya taratibu, "Lakini mama, hiyo sio yetu." Wa kati akasema labda tufanye zote mbili ila zawadi 28. Kitindamimba akaanza kulia, akaulizwa analia nini, akasema mamajusi watachanganyikiwa.

Nitakuwa mkweli, niliumia. Miaka mitano nimekuwa naingia shifti ya Krismasi na dhambi moyoni, nikiwaona kama watoto wanaonyimwa kitu, nikijiapiza siku nikipata nafasi nitawalipa. Kumbe hakuna anayenidai. Yaani deni nimelibeba peke yangu na wao walishajenga nyumba juu yake. Tarehe 25 nilikaa nyumbani, nikaenda nao kanisani, nikaenda nao kwa wifi, nikawa kama mgeni ambaye hajui viti vya kukaa, wana taratibu zao za siku ile ambazo sizijui, kuna wimbo wanaimba kwenye gari, kuna utani na binamu zao sielewi mwanzo wake. Wifi akanisukumia kiti akasema kaa dada, leo pumzika. Nikapumzika. Sikujua mikono niiweke wapi.

Usiku wa tarehe 26 nikaingia kazini. Kama saa nane usiku hivi, ule muda ambao hata taa zinaonekana zimechoka, nikatia mkono kwenye mfuko wa koti kutafuta kalamu nikagusa kitu kigumu. Majusi. Yule mwenye kilemba cha bluu aliyemeguka pua, amezungushiwa kipande cha karatasi ya chooni kama blanketi. Nikamsimamisha pembeni ya kompyuta. Mwenzangu akamwangalia, akaniangalia, akasema huyu naye kapangwa usiku? Nikasema ndio, na yeye.

Asubuhi nimefika, hata viatu sijavua, kitindamimba kasimama mlangoni na nguo za kulalia ananyoosha mkono. Nikampa. Akamgeuza geuza, akamkagua pua, akamrudisha kwenye foleni nyuma ya wenzake, akapima vidole vinne. Alafu akapima vingine vinne. Nikamuuliza mbona huyu umempa mara mbili, akasema, "Si katembea usiku kucha."

Kesho naingia saa moja asubuhi. Koti nimeshalitundika mlangoni ili nisisumbue mtu. Nimepita sebuleni kuzima taa, pale ukingoni mwa rafu nimehesabu mamajusi wawili.